Upepo sahihi wa matairi ya gari la spoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye Subaru WRX na STI, Mazda MX-5, Toyota 86, Honda S2000, Porsche 911 na magari ya jamii hiyo, wanaoyaendesha kwenye barabara zetu: foleni siku za kazi, safari ndefu wikendi, uwanja wa mbio za magari mara moja moja. Namba zote za PSI (kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba) ni za tairi baridi, isipokuwa pale tulipoandika wazi kwamba ni za tairi la moto.

## Mambo ya kwanza

1. Niweke upepo kiasi gani?

Kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari lako. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya katikati ya bodi. Kama hakipo, tazama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye kitabu cha gari.

Hakuna namba moja ya "magari ya spoti". MX-5 ya kizazi cha kwanza, yenye uzito usiofika tani moja, inataka PSI 26 tu, na ya kizazi cha nne inataka 29. Honda S2000 inataka 32. Toyota 86 ya rimu za inchi 17 inataka 35. Ukichukua 35 za jirani ukaziweka kwenye MX-5 ya zamani, gari litadunda kama mpira kwenye kila kiraka cha lami na litaanza kuteleza mapema kwenye kona. Ukifanya kinyume chake, 26 kwenye 86, mabega ya tairi yataungua na usukani utakuwa kama umezamishwa kwenye uji.

2. Gari limetoka Japani na kibandiko ni cha Kijapani. Nakisomaje?

Huhitaji kujua Kijapani, alama mbili zinatosha: 前 ni mbele, 後 ni nyuma. Namba zimeandikwa kwa kPa (kilopaskali), na mara nyingi pembeni yake pana namba ndogo kama 2.3, ambayo ni kipimo cha zamani cha kilo kwa sentimita ya mraba. Kumbuka hizi: 180 kPa ni PSI 26, 200 ni 29, 220 ni 32, 230 ni 33 na ushee, 240 ni 35, 250 ni 36. Kwa namba nyingine yoyote, gawanya kPa kwa 6.9.

Kibandiko kikiwa na mistari miwili au mitatu, kila mstari ni wa saizi yake ya tairi. Soma mstari wa saizi iliyo kwenye gari lako leo. Usisome wa juu kwa sababu tu ndio wa kwanza. Kama saizi yako haimo kabisa, nenda swali la 13.

3. Mbona ubavuni mwa tairi pameandikwa PSI 51?

Hicho ni kiwango cha juu ambacho tairi halipaswi kukipita. Si kiasi cha kuweka. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari la kilo 1,000 au la kilo 1,700, kwa hiyo hawezi kukuambia uweke ngapi. Anayejua ni aliyetengeneza gari.

4. "Tairi baridi" maana yake nini hasa?

Gari limesimama kivulini angalau saa tatu, au limetembea chini ya kilomita mbili kwa mwendo wa pole. Wakati bora ni alfajiri, kabla jua halijapiga upande mmoja. Ukipima saa nne asubuhi gari likiwa limeegeshwa ubavu kwa jua, matairi ya upande wa jua yanaweza kuonyesha PSI 2 zaidi ya yale ya kivulini, na utapunguza upepo ambao haukuzidi.

Hesabu ya kukaa nayo kichwani: kila nyuzi joto 10 za Selsiasi hubadilisha usomaji kwa takriban PSI 1.5. Safari ya kawaida ya barabara kuu hupandisha PSI 3 hadi 6. Kupanda huko kumeshahesabiwa kwenye namba ya kibandiko, kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi la moto. Ukiliteremsha tairi la moto hadi 33, kesho asubuhi litakuwa na 28 au 29, litajikunja zaidi, litapata joto zaidi, na mzunguko huo ndio unaopasua matairi kwenye safari ndefu za mchana.

5. Sheli iko kilomita nane kutoka nyumbani. Nikifika tairi limeshapata moto. Nifanyeje?

Pima nyumbani, jaza sheli. Alfajiri pima matairi yote manne na uandike pengo la kila moja. Tuseme la mbele kushoto lina 29 na kibandiko kinasema 33, hivyo pengo ni 4. Ukifika sheli geji itasoma labda 32 kwa sababu ya joto. Usijaze hadi 33. Ongeza zile 4, ufike 36. Kesho asubuhi litasoma 33 au karibu sana na hapo.

Kama hukupima nyumbani na tairi linaonekana limelegea, jaza PSI 4 juu ya namba ya kibandiko, kisha urekebishe kesho likiwa baridi.

6. Nipime kila baada ya muda gani?

Wiki mbili, na kabla ya kila safari ndefu. Tairi zima kabisa hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi bila tatizo lolote. Kwa tairi lenye ubavu mfupi, jicho halitakuambia kitu: 245/40 (upana wa milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana huo) yenye PSI 24 inafanana kabisa na yenye 33.

## Geji, kompresa na fundi

7. Geji ya sheli inaaminika?

Baadhi zinaaminika, lakini huwezi kujua zipi kwa kuziangalia. Geji ya sheli huangushwa sakafuni mara kadhaa kwa siku, na iliyodanganya kwa PSI 3 haionyeshi dalili yoyote. Nunua yako, ya mshale wenye uso mkubwa au ya kidijitali inayosoma hadi nusu PSI, uiweke garini kwenye kitambaa. Tumia hiyo hiyo kila siku. Hata ikiwa inakosea kwa PSI 1, itakosea vilevile kila mara, nawe utaona mabadiliko.

Kupima kwenyewe kuna namna. Fungua kofia ya valvu, bandika mdomo wa geji ukiwa umenyooka, sukuma kwa mara moja na kwa nguvu. Ukisikia "tssss" inayoendelea, geji imekaa upande na namba utakayoona ni ya chini kuliko ukweli. Pima mara mbili, na zikitofautiana pima ya tatu. Kisha rudisha kofia. Vumbi na mchanga vikiingia kwenye valvu, sindano ya ndani haifungi vizuri.

8. Fundi kanijazia 40 kote. Kuna ubaya gani?

Tunalijua hili: "Bosi, niweke ngapi?" Kabla hujajibu, kompresa imeshanguruma na yeye ameshahamia tairi la pili. Kwake 40 ni usalama, maana mteja hatarudi kesho kulalamika kwamba upepo umeisha.

Kwenye gari la spoti lenye namba ya 32 au 33, hiyo 40 hufanya mambo matatu. Tairi linatuna katikati, sehemu inayogusa lami inapungua, na breki za ghafla zinachukua umbali mrefu zaidi kwenye lami yenye maji au vumbi. Kashata za katikati, yaani vipande vya mpira vinavyogusa lami, zinaisha kabla ya za pembeni. Na kwa kuwa springi na shokapu za magari haya tayari ni ngumu, tairi lililovimba huruka juu ya mabonde madogo badala ya kuyafuata, na gari huhama mstari kwenye kona isiyo laini. Wengi hudhani shokapu zimekufa, wananunua mpya, kumbe ni upepo.

Mtajie fundi namba kabla hajashika mpira: mbele ngapi, nyuma ngapi. Kisha pima mwenyewe kesho yake.

9. Naitrojeni inafaa kulipiwa?

Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78. Gesi hiyo inatanuka kwa joto sawasawa na hewa kavu, kwa hiyo kauli kwamba "presha haipandi" si kweli. Faida yake ni ukavu. Hewa ya kompresa, hasa pwani, hubeba maji, na maji yakigeuka mvuke ndani ya tairi la moto presha hupanda bila mpangilio. Uwanjani jambo hilo linaonekana. Nissan GT-R R35 ilitoka kiwandani na naitrojeni ndani ya matairi.

Kwa matumizi ya barabarani, kompresa ambayo mtungi wake humwagwa maji kila siku inatosha. Na kama una naitrojeni ukapata upungufu njiani, ongeza hewa ya kawaida bila wasiwasi. Kutembea na upepo pungufu ukitafuta naitrojeni ni kosa kubwa zaidi.

10. Tairi moja tu linapoteza upepo, mengine yako sawa.

Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia. Anza na valvu: puliza mdomoni, halafu uisukume pembeni kwa kidole, maana mpira uliozeeka hupasuka shinani na huvuja ukipindwa tu. Halafu puliza kashata zote, ukilizungusha tairi taratibu. Mwisho puliza pale mpira unapokutana na rimu, nje na ndani. Povu litakuonyesha.

Valvu hubadilishwa, na ni ya bei ndogo, kwa hiyo kila tairi jipya lipewe valvu mpya. Kuvuja ukingoni mwa rimu ya aloi mara nyingi ni kutu nyeupe: tairi livuliwe, ukingo usuguliwe hadi uwe laini. Msumari kwenye kashata unazibika, na kiraka cha ndani chenye shina ni bora kuliko kamba peke yake kwa gari linalokwenda kasi. Tundu la begani au ubavuni halizibwi. Rimu iliyopasuka upande wa ndani baada ya shimo ndiyo inayowachanganya mafundi, kwa sababu haionekani mpaka gurudumu livuliwe.

## Mbele, nyuma na saizi

11. Kwa nini namba ya mbele na ya nyuma hazilingani?

Kwa sababu uzito haulingani. Kwenye WRX injini imelala mbele ya ekseli ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito iko huko, ndiyo maana kibandiko chake huipa mbele PSI chache zaidi. Porsche 911 ni kinyume chake: injini iko nyuma kabisa na matairi ya nyuma hupewa upepo mwingi zaidi. MX-5 imegawana nusu kwa nusu, na namba zake zinafanana kote. Kuweka namba moja kote kwenye 911 ni kubadilisha tabia ya gari bila kujua.

12. Gari linasukuma pua nje kwenye kona, au mkia unataka kuponyoka. Upepo unaweza kurekebisha?

Kwa kiasi, na kwa hatua ndogo. Kwanza rudisha kote kwenye namba ya kibandiko na hakikisha alaimenti na shokapu ni nzima. Baadaye ndipo ubadilishe PSI 1, ekseli moja kwa wakati mmoja, uendeshe barabara ileile.

Pua ikisukuma nje, punguza PSI 1 mbele au ongeza 1 nyuma. Mkia ukiwa mwepesi, punguza 1 nyuma. Kanuni hii inafanya kazi ukiwa ndani ya PSI 2 au 3 za kibandiko. Ukishuka zaidi inageuka: tairi lililolegea linajipindua juu ya bega lake, na kupunguza tena kunazidisha kuteleza. Ishara ni bega lililochubuka upande wa nje huku katikati pakiwa bado pazima. Hapo ongeza.

Usichezee mkia kwa kuongeza upepo wa nyuma kwenye gari linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma, hasa msimu wa mvua.

13. Nimefunga rimu kubwa zaidi. Namba ya kibandiko bado inafaa?

Inategemea namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi. Kwenye 225/45R17 91W, hiyo 91 maana yake tairi linabeba kilo 615, na W ni kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Kama tairi la zamani lilikuwa 205/55R16 91 na jipya ni 225/45R17 91, anza na namba ileile ya kibandiko.

Ugumu unaanza ukiona herufi XL, yaani tairi lililoimarishwa. Watu hudhani XL linahitaji upepo mdogo kwa kuwa ni gumu. Ni kinyume. Tairi la kawaida hufikia uzito wake kamili kwa 250 kPa, la XL hufikia kwa 290. Chukua 225/45R17 ya kawaida yenye 91 kwa 230 kPa: inabeba takriban kilo 575. Ileile ya XL yenye 94, kwa 230 hiyohiyo, inabeba takriban 557. Ili zilingane, XL inahitaji takriban 240 kPa. Kwa hiyo ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda XL, ongeza kama PSI 1.5.

Namba ya uzito ikishuka, tuseme kutoka 91 hadi 225/40R18 88 isiyo XL, usijaribu kuliokoa kwa upepo. Tafuta 92 XL.

14. Subaru yangu inaendesha magurudumu yote manne. Upepo usiolingana unaharibu difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma?

Kinachoharibu zaidi ni matairi yasiyolingana ukubwa. Tairi la rediali, yaani la kawaida la siku hizi, hubadilisha mzingo wake kidogo sana kwa tofauti ya PSI 2 au 3, kwa hiyo tofauti ya mbele na nyuma iliyo kwenye kibandiko haina shida. Lakini tairi moja jipya na matatu yaliyokaribia kipara, au chapa mbili tofauti, huifanya difu ifanye kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka.

Pima kwa futi ya fundi cherehani: zungushia katikati ya kashata, gurudumu likiwa hewani na likiwa na upepo wake. Tofauti kati ya matairi isizidi milimita 6. Ukipata pancha isiyozibika na mengine yameisha nusu, ni manne mapya, au tafuta moja lililotumika linalolingana.

## Barabara, mwinuko na hali ya hewa

15. Nilijaza Nairobi, nikapima Mombasa namba zimebadilika. Tairi linavuja?

Huenda halivuji. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, Mombasa ni nzito. Kwa joto lilelile, tairi lililojazwa Nairobi litasoma PSI 2.7 chini ukifika pwani. Lakini joto halibaki lilelile. Ukijaza 33 Nairobi alfajiri kwenye nyuzi 14, ukapima Mombasa alfajiri ya pili kwenye nyuzi 25, joto limekurudishia sehemu kubwa: utasoma takriban 32. Ukijaza 33 Mombasa ukapima Nairobi, utasoma takriban 34.

Hesabu hii ni sawa kwa Dar es Salaam kwenda Mbeya, na kwa Arusha, iliyo karibu mita 1,400, ni ndogo kidogo. Cha kufanya ni kile kile: usiguse upepo njiani matairi yakiwa moto. Lala, pima alfajiri, rekebisha kwa namba ya kibandiko ya hapo ulipo. Tofauti ikizidi PSI 3, au tairi moja likitofautiana na wenzake, rudi swali la 10.

16. Msimu wa masika nipunguze upepo ili tairi lishike zaidi?

Hapana, na imani hii ni ya hatari. Tairi lenye upepo wa kutosha ndilo linalokata maji. Lililolegea huinama katikati na kupanda juu ya maji kama mtumbwi. Watafiti wa NASA walitoa kanuni miaka ya 1960, kwa matairi ya ndege, inayoonyesha mwelekeo: kasi ambayo tairi huanza kuelea hufuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa kanuni hiyo, tairi la PSI 36 huelea kuanzia takriban kilomita 100 kwa saa, na la 25 kuanzia takriban 83.

Kwenye gari, kina cha kashata kina uzito mkubwa pia, na matairi mapana ya spoti huelea mapema kuliko membamba. Kaa kwenye namba ya kibandiko, na yale ya uwanjani yenye mifereji michache yabaki nyumbani mvua ikianza.

17. Barabara ya kwetu ina mashimo na matuta. Nizidishe ili nilinde rimu, au nipunguze ili gari liwe laini?

Kupunguza ndiko kunakoua. Ubavu mfupi ukiwa na upepo pungufu hubanwa kati ya shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku mbili unaona nundu ubavuni. Tairi lenye nundu halirekebishiki.

Kuzidisha PSI 2 kwa safari yenye mashimo mengi kunasaidia kidogo. Zaidi ya hapo pigo linahamia kwenye rimu na shokapu. Ukweli usiopendeza ni kwamba dawa ya mashimo ni ubavu mrefu: rimu za inchi 17 zenye 225/45 zitakupa amani ambayo hutaipata kwa geji ukiwa kwenye 19 zenye 35.

18. Nikibeba abiria na mizigo?

Magari mengi ya Ulaya yana safu mbili kwenye kibandiko, ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa. Fuata hiyo. Kama safu ni moja tu, namba hiyo imekadiriwa kubeba mzigo halali wa gari.

## Siku ya uwanjani

19. Nianze na PSI ngapi?

Hapa unafikiria kinyume: unachagua namba ya moto unayoitaka, halafu unarudi nyuma. Uwanjani presha hupanda PSI 6 hadi 10, siyo 3 hadi 6 kama barabarani. Pa kuanzia kwa matairi ya barabarani ya spoti: gari la takriban tani 1.5 kama STI, lenga 35 hadi 38 yakiwa moto. 86, lenga 33 hadi 36. MX-5, lenga 29 hadi 32. Ukitaka 36 ya moto, anza na 28 hadi 30 ya baridi.

Utaratibu ni huu. Zunguka mara moja polepole, kisha mara tatu au nne kwa kasi. Ingia moja kwa moja, usivute breki ya mkono, na upime ndani ya dakika moja, maana namba hushuka ukisimama. Teremsha yote manne hadi namba unayolenga, uandike. Rudi, zunguka tena, pima tena. Kwa kawaida mara mbili au tatu zinatosha. Gari likipoa kabisa, pima tena na uandike: hizo ndizo namba zako za baridi kwa siku nyingine yenye joto kama la leo.

Kushoto na kulia hazitakuwa sawa zikiwa baridi. Uwanja wenye kona nyingi za kulia huchosha matairi ya kushoto, kwa hiyo ya kushoto huanza chini kwa PSI 1 au 2 ili yote yakutane yakiwa moto.

20. Nitajuaje namba ya moto ni sahihi?

Chora mstari wa chaki kuanzia kashata ya pembeni kushuka ubavuni, sehemu tatu za kila tairi. Baada ya mizunguko tazama chaki ilipofutika. Matairi mengi yana pembetatu ndogo begani: chaki ikifutika hadi ncha yake, uko sawa. Ikifutika chini yake, tairi linajipindua, ongeza PSI 2. Ikiwa haijafika, punguza 1.

Ukiwa na kipimajoto cha sindano, choma mpira sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko wastani wa pembeni, upepo umezidi. Pakiwa pa baridi, umepungua. Ndani pakizidi sana nje ni kazi ya kemba (jinsi gurudumu linavyoinama ndani au nje), haihusiani na upepo.

21. Na kurudi nyumbani?

Beba pampu ya umeme ya kuchomeka garini. Matairi yaliyoteremshwa uwanjani yatakuwa na 26 au 28 yakipoa, na hayo si ya barabara kuu. Yarudishe kwenye namba ya kibandiko kabla ya kuondoka, ukitumia njia ya swali la 5.

## Mambo ya nadra

22. Gari linakaa miezi bila kutembea.

Pandisha PSI 6 hadi 8 juu ya kibandiko, bila kupita namba ya ubavuni, na ulisogeze robo mzunguko kila wiki chache ili tairi lisikae bapa upande mmoja. Bandika karatasi kwenye usukani iliyoandikwa "teremsha upepo". Watu husahau.

23. Spea nyembamba inataka ngapi?

420 kPa, yaani PSI 60, na mwisho wa kasi ni kilomita 80 kwa saa. Spea nyingi zilizotoka Japani hazijawahi kuguswa na hukutwa na 20. Ipime leo.

24. Taa ya upepo haijawaka, kwa hiyo niko salama?

Hapana. Kwa kanuni ya Marekani taa huwaka upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kibandiko: gari la 33 linaweza kutembea na 26 bila taa. Mfumo unaotegemea vihisio vya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) hulinganisha mzunguko wa magurudumu, hivyo yote manne yakishuka pamoja unaweza kunyamaza. Ukishajaza, uanzishe upya kwenye menyu, la sivyo mfumo utakariri namba mbaya.

Matairi yanayoweza kutembea bila upepo yanahitaji taa hiyo kuliko mengine yote, kwa sababu ubavu wake mgumu hausinyai hata upepo ukiisha. Mengi huruhusiwa kilomita 80 kwa kasi isiyozidi 80. Lililotembea hivyo livuliwe likaguliwe ndani kabla ya kuzibwa: ukikuta unga mweusi wa mpira ubavuni, limeshajisaga.